Vidonge vya Bakteria Wazuri

Jumatatu, 3 Machi
Kidonge kimoja na maziwa lala, kama kila asubuhi. Wiki ya pili sasa. Mwenye duka la dawa hapa Kaptembwo ameniapia kuwa hawa ni bakteria wazuri, watawafukuza wale wabaya niliopatikana nao kliniki. Daktari hakuapa. Alisema jaribu ukitaka, lakini uchungu wa kuzaa ukianza kimbia hospitali, uwaambie, utundikiwe dripu ya dawa. Mimi hao wabaya hawanidhuru. Humdhuru mtoto anapopita kuzaliwa. Mtoto wetu Kevo walimmaliza kwa siku tatu.

Jumatano, 12 Machi
Nimepimwa tena. Bado wapo. Karatasi nimeificha chini ya mfuko wa unga. Mama mkwe amekuja kutoka Bahati kunisaidia, na akisoma sampuli ilitolewa wapi mwilini, atasema nimemletea mwanawe ugonjwa wa umalaya. Daktari alinieleza si ugonjwa wa zinaa. Nani atamweleza yeye?

Jumapili, 23 Machi
Kanisani wameniombea. Naogopa. Nimemeza viwili badala ya kimoja. Ujinga, najua.

Alhamisi, 27 Machi
Uchungu ulianza alfajiri. Karatasi niliiacha palepale. Hospitalini nesi akauliza, "Mathe, kuna shida yoyote walikuambia kliniki?" Mama mkwe alikuwa kando yangu na mfuko wa nguo. Nikasema hakuna.

Naandika nijione nilivyo. Nilisema hakuna. Nikakaa na uongo huo saa nzima. Halafu nikamkumbuka Kevo alivyogeuka rangi, nikapiga kelele, nikayatoa yote. Mama mkwe akatupa mfuko chini. "Ngai! Na ulikuwa unangojea nini? Nesi, wekea yeye dawa!"

Daktari alitaka dripu ikae kwa muda wa saa nne kabla mtoto hajatoka. Binti yangu alizaliwa baada ya mbili tu.

Ijumaa, 28 Machi
Wanampima joto kila mara. Nahesabu pumzi zake. Akikohoa nakufa. Likitokea la Kevo, ni mimi.

Jumapili, 30 Machi
Yuko sawa. Tumeruhusiwa. Kwenye kitanda chake wameandika "Mtoto wa Grace", maana nilikataa kutoa jina. Si kwamba sikulijua. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Niliogopa kulitamka, nisije nikalizika.

Leo, akinyonya, nimemwita. Njeri.

Mama mkwe akaitika kutoka dirishani. Mtoto akaendelea kunyonya.