Miamba ya Mwanza kwenye Mtaro wa Likombe

Jumatano. Joto la Novemba, blauzi imeninata mgongoni tangu saa mbili asubuhi, na wingu limejikusanya upande wa Msumbiji bila kuamua kama linakuja au la. Nimekasirika. Naandika na hasira zangu hizi hizi, sitasubiri zipoe.

Leo tumemaliza kumchagua mhandisi mshauri wa mtaro mkubwa wa Likombe, hapa Mtwara, yaani yule mtaalamu wa nje atakayekuja kupima, kuchora na kutuambia maji ya mvua yapite wapi. Kamati ya watu watano, mimi fundi sanifu nikiwa wa mwisho kwa cheo. Siku tatu tumejifungia kwenye ukumbi wa hoteli, maana ofisini, eti, kuna usumbufu. Usumbufu wenyewe ni wananchi.

Nilidhani kuchagua mhandisi ni kuuliza nani anaijua kazi. Mjinga mimi! Kumbe ni kukagua viambatisho. Cheti kipo? Kipo. Muhuri upo? Upo. Wasifu wa mtaalamu wa udongo? Upo. Kama mtaalamu mwenyewe yu hai, hakuna aliyeuliza.

Kampuni ya kwanza kuanguka ilikuwa ya watu wawili kutoka Masasi. Nawakumbuka. Walikuja wamevaa mabuti, wakazunguka Likombe kutwa nzima na kamba yao ya kupimia. Kwenye andiko lao walieleza habari za Bi Somoe, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye kila masika huchora mstari wa mkaa ukutani kwake pale maji yalipofikia. Walipima kila mstari. Lakini walisahau kutia sahihi ndogo chini ya ukurasa mmoja, basi, wakatupwa nje kabla ya chai ya saa nne.

Washindi ni wa Dar es Salaam. Kitabu chao kina jalada gumu, kinang'aa, ukikishika unajiona umevaa vibaya. Tulikipitisha jana, muda wa chakula ukiwa umekaribia na pilau inanukia hadi ukumbini.

Leo mchana, wakati napanga karatasi, ndipo nilipoitazama vizuri picha yao ya hali ya eneo.

Miamba.

Miamba mikubwa, imepandana, na mtaro unapita katikati. Likombe! Mahali ambapo ukitaka jiwe la kuzuilia mlango unaazima kwa jirani. Chini ya picha wameandika kwamba maji yataelekezwa kwenye ziwa. Ziwa lipi, jamani, na bahari yote hii? Wamechukua kazi waliyofanya Mwanza, wakabadilisha jina la mji, wakaenda kulala.

Mwenyekiti wetu kakulia huko huko Mwanza. Miamba ile ameizoea tangu utotoni, kwa hiyo jana aliitazama, akaona nyumbani kwao, akatoa alama zote. Nilipomwonyesha leo alitabasamu kwanza, halafu akakunja uso.

"Dada, fomu inauliza kama picha ya eneo ipo. Ipo."

"Ipo, mzee, ila si ya Likombe."

"Alama zimeshajumlishwa. Unataka turudi nyuma kwa sababu ya picha?"

Wajumbe watatu waliobaki wakainamia simu zao. Watu wazima, wasomi, wamening'iniza vitambulisho shingoni, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo isipokuwa kuuliza kama gari la kuturudisha limefika. Nawadharau. Nimejaribu kutafuta neno la upole zaidi na sijalipata.

Nikirudi nyumbani nilipitia kwa Bi Somoe. Sikuwa na shida ya mihogo.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Wale vijana wa mabuti mmewapa kazi?"

"Bado tunaangalia," nikasema. Uongo mtupu, mbele ya mtu mzima.

Alinionyesha ukuta wake. Mstari wa mwaka juzi uko usawa wa goti langu, wa mwaka jana usawa wa paja. Juu ya huo ameshapaka chokaa upya, pasafi, upana wa kiganja.

"Hapa nimepaacha pa mwaka huu," alisema. "Wajukuu nitawalaza juu ya meza. Nikitoka, niende wapi?"

Nilinunua mihogo nisiyoihitaji nikaondoka.

Sasa fomu ya kamati iko mbele yangu. Kila mjumbe anatakiwa kusaini, na asiyekubali anaruhusiwa kuandika sababu zake. Wenzangu wanne wameshasaini, sahihi nzuri, za madoido. Mimi nimeandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: SIKUBALIANI. Na sababu nimezieleza, kurasa mbili nzima, na kila ukurasa nimetia sahihi ndogo ili wasije wakaniangusha kwa hilo.

Kuna jambo moja sijalisema hapa, na nimelizunguka tangu mwanzo. Kesho asubuhi mwenyekiti atafungua jedwali la alama aniulize mbona mimi, mtoto wa hapa hapa Mtwara, niliwapa watu wa miamba alama zote, sawasawa na yeye.

Nitamjibu kwamba nilisikia harufu ya pilau, na picha sikuitazama.