Mpamba Keki Alijua Kabla Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Kilichonikaa masikioni ni mlio wa komeo la bafuni, ka!, mlio mdogo tu, lakini tangu tuoane mume wangu hakuwahi kujifungia, na nilipousikia nikavua ndala nikanyata hadi mlangoni, naona aibu kuandika hivi, nikamsikia akinong'ona kwenye simu, "Dada, bado hajajua," na sauti ya kike ikajibu kwenye spika, "Mwambie wifi, wewe, unaogopa nini?" Sauti hiyo naijua, ni ya mpamba keki wa kiwanda cha mikate ambako mume wangu ni mwokaji wa zamu ya usiku, na kwa kuwa kwa miezi kadhaa mume wangu hanigusi, nikajua nimepata jibu.

Alipotoka nilimbana. Akasema alipita zahanati akitoka kazini, akapimwa, homoni ya kiume imeshuka, na daktari amemtajia kukosa usingizi, kitambi, mawazo na ule mkoromo wake unaokata pumzi. Badala ya kumpa pole nikauliza, "Kwa nini yeye alijua kwanza?" Akajibu taratibu, "Mumewe yalimpata haya haya. Halafu yeye hanihoji." Tangu hapo nasoma kila makala ya homoni, na kwa kuwa nyingine zinalaumu plastiki, nimetupa vyombo vyote vya plastiki, hata kile anachobebea chakula, lakini yule mwanamke siwezi kumtupa, namwona mezani kati yetu, vidole vyake vimejaa sukari ya unga. Nimwambie mume wangu aache kazi? Komeo nimeshaling'oa kwa bisibisi. Liko kwenye mkoba wangu.

Msikilizaji wa Mlangoni

JIBU

Mwanangu, pole. Sasa vaa ndala zako unisikilize.

Ulimsikia mwanamke akimsihi mumeo akuambie ukweli, nawe ukamchukia yeye! Anayekuibia mume hamhimizi akaongee na mkewe. Kinachokuuma si kitanda, ni siri, na siri hiyo haikufuata uzuri wa mtu. Ilikimbia maswali yako.

Tena wewe msomi umepitwa na jambo lililo wazi. Mumeo alipimwa akitoka kukesha kwenye tanuri, hajalala. Kipimo hicho huchukuliwa asubuhi, mtu akiwa amelala vya kutosha, na hurudiwa kabla ya kuamua lolote. Mambo ya plastiki watafiti bado wanayachunguza. Usigeuze jiko kuwa mahakama.

Asiache kazi. Aombe zamu ya mchana, alale, apunguze kitambi, kisha nendeni wote wawili kwa daktari, na wewe ndiye umweleze ule mkoromo, maana yeye hajisikii akikoroma. Usimnunulie poda za nguvu za kiume wala sindano za vichochoroni. Homoni ya kutoka nje yaweza kuufanya mwili uache kutengeneza ya kwake.

Na komeo lirudishe leo, na skrubu zake zote. Akijifungia, kaa sebuleni. Akifungua mwenyewe na kuanza kusema, usimuulize kuhusu mpamba keki. Mpe ile pole uliyomnyima.