Magunia Mawili Niliyoyauza Konde

Mke mwenzangu Bi Mize,

Assalamu alaikum, huko uliko. Hii ni mara ya nne naanza kukuandikia. Nikikaa kidogo nasimama, natoka uani, nageuza mwani ambao nimekwisha kuugeuza, narudi. Mume wetu ananiuliza, "Weye una nini leo?" Namwambia sina kitu.

Nikupe kwanza habari za kheri. Wale wanunuzi uliokuwa ukiwangoja wamekuja. Hujatimiza hata mwaka kaburini, wakaingia hapa Kiuyu. Wanajiita watu wa biashara ya haki, na jina hilo lilinichekesha, maana kwenye mwani haki sikuwahi kuiona. Lakini walikaa nasi mkekani wakataja bei kabla hatujatia kamba baharini. Mizani tunaishika wenyewe. Unamkumbuka mnunuzi wa zamani, ukichukua kamba zake huna ruhusa ya kumuuzia mwengine, na mizani anaisoma yeye huku katupa mgongo? Sasa kamba ni zetu. Tena juu ya bei kuna fungu la kikundi kizima, na hatuambiwi na mtu tulifanyie nini. La kwanza tumejengea chaga za kuanikia, mwani haulali mchangani tena. La pili tumenunulia viatu vya mpira vya kuingilia pwani.

Binti yako Salma yuko skuli Wete, analala dahalia. Sare zake nimezinunua mimi kwa mwani wangu, sikumwomba mume wetu Bwana Faki. Siku hizi yeye ndiye anayeniomba mimi ya kahawa. Ungelicheka.

Hayo ndiyo ya kukufurahisha. Sasa lile linalonitoa kitini.

Ule msimu wewe ulipowakusanya wanawake, mkakubaliana kwamba hauzi mtu mpaka apatikane wa kutupimia mbele ya macho yetu, nami nilinyanyua mkono. Tuliweka mwani stoo, mvua zikaja, stoo ikavuja, bado ukatwambia, "Kazeni moyo, jamani, kidogo tu." Watu walikusikiliza. Hilo ndilo lililonikera, Bi Mize. Nyumbani ulikuwa mke mkubwa, na sasa pwani nako mkubwa ni wewe. Asubuhi moja nilisema naenda kumtazama mama yangu mgonjwa. Nikapakia magunia mawili kwenye gari ya abiria, nikashuka Konde, nikamuuzia yule yule mnunuzi. Mama hakuwa mgonjwa. Sikuwa na njaa, wala mtoto wa kupeleka hospitali. Nilitaka uanguke tu.

Ukaanguka. Mnunuzi alikuja akawacheka wanawake mbele ya stoo, "Mwenzenu keshaniletea, nyie mwangoja nini?" Hakutaja jina. Kila mtu akamtazama mwenzake, mwisho macho yote yakamwangukia Bi Zuwena, kwa sababu ni mjane na hana kitu. Wakamtoa kikundini. Wewe peke yako ulikataa. Ulisema, "Mie sikumwona akiuza, na nyie hamkumwona." Na jioni ile, unachambua mchele, uliniuliza bila ya kuninyanyulia uso, "Bikombo, weye hujui ni nani?" Nikasema sijui. Ukaendelea kuchambua.

Ulijua? Hilo ndilo ninalozunguka nalo uani. Presha ilipokuchukua nilikuwa nimekushika mkono, nikafungua mdomo, nikauliza kama unataka maji. Maji, Bi Mize. Nikakuuliza maji.

Na wakati sisi tunavaa viatu vipya, Bi Zuwena alikuwa anapita pembeni yetu miguu mitupu, anakwenda kuokota chaza. Wanawe watatu wameacha skuli. Kila jambo jema lililotufika lilimpita yeye, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Mwezi uliopita wanawake wakataka mwenyekiti. Wakasema awe mtu wa nyumba yako, wakanitaja mimi. Walipiga vigelegele. Nilisimama kushukuru. Nikasema, "Aliyeuza Konde ni mie. Bi Zuwena hana kosa." Nikakaa. Hakuna aliyetukana. Ingekuwa afadhali wangetukana. Bi Asha, jirani yetu, alisogeza mkeka wake mbali na mimi, polepole, kama mtu anayekwepa jua.

Uenyekiti wamempa Bi Asha. Mimi wameniacha kikundini, kwa kura chache, ila fungu la kikundi sitalitolea neno kwa misimu miwili. Nimekubali. Kisha tulikwenda sote kwa Bi Zuwena kumwomba radhi na arudi kikundini. Alitusikiliza mlangoni, hakutukaribisha ndani. Wengine aliwaambia, "Yamekwisha." Mimi aliniambia, "Nimekusikia." Bas.

Kwa bamvua mbili, siku zile maji yanapokauka sana, hakuja pwani. Maji yakikauka namtazamia, haji. Bamvua hii amekuja, kavaa viatu, kajifunga kanga kiunoni, na shamba alilopewa limepakana na langu. Nilimtolea salamu. Akaniitikia, maana salamu ni lazima kuitikiwa, akainamia kamba yake. Tulifunga mwani asubuhi nzima, kamba yake na yangu hazijaachana hata pima moja, mpaka maji yakatufika magotini.

Nilidhani nikisema nitatulia. Sijatulia. Ila nalala.

Mwanawe mdogo amerudi skuli wiki hii. Wale wakubwa wawili wanasema wamekwisha kuwa watu wazima, hawarudi. Hilo sina la kulifanya, nalo litakwenda na mimi.

Kwaheri, mke mwenzangu. Mungu akulaze pema, na kama ulijua ukaninyamazia, akulipe kwa kunyamaza kwako. Salma atasoma mpaka achoke mwenyewe. Na Bi Zuwena, kila maji yakikauka, nitamtolea salamu mimi kwanza. Siku akitaka kunitukana, nitasimama nimsikilize mpaka amalize.

Ni mimi mwenzio,
Bikombo