Mlango Niliokufungia Hospitalini

Kiwanjani, Isiolo
Jumamosi asubuhi

Kwa mama mkwe wangu, Aayo,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa wiki mbili bila kukuandikia. Sijakusahau. Kila nikishika kalamu nauona mgongo wako ukiondoka hospitalini bila kuniaga, naiweka chini. Simu nayo, huko Biliqo mtandao ukishika inasikizwa na boma zima, na haya ni yako peke yako. Halima, wewe unayemsomea mama, ingia naye ndani kwanza.

Mguu wako unaendeleaje? Mvua imefika? Sisi tuko wazima. Zeinab ametoa meno mawili na ananing'ata nayo. Nalala kidogo, lakini nasimama.

Mwanao Galgalo anapumua mwenyewe, Aayo. Nimetanguliza hilo ndio usikie mengine ukiwa umetulia.

Unakumbuka siku ya nne baada ya pikipiki kumwangusha. Hakuwa anajitambua, mashine ikimpumulia kwa mpira uliopita mdomoni. Ulichovya kidole kwenye chicho chako cha maziwa, ukamdondoshea mdomoni ukimwombea, kama ulivyomfanyia akiwa mtoto. Nilikuwa nimesimama hapo na sikukuzuia. Baadaye sista akimvuta makohozi, mrija ukatoa kitu cheupe. Akaniangalia.

"Mama Zeinab, huyu amekunywa nini?"

"Tulimpa maziwa," nikasema. Sikumwambia ni nani.

"Mtu wa mashine hamezi. Hayo yanateremka kifuani."

Kesho yake homa ikapanda, makohozi yakawa ya kijani, na picha ikaonyesha pafu la kulia limeingiwa na ugonjwa. Ndio maana ulipokuja tena na chicho nilisimama mlangoni. Ukaniuliza, "Sasa mimi ndio mgeni kwa mtoto wangu?" Sikukujibu kwa sababu watu walikuwa wengi, na sikutaka usikie mambo kama hayo mbele yao.

Nilimuuliza daktari waziwazi kama ni maziwa. Alisema hawezi kujua. Ule mpira wenyewe unawafungulia wadudu njia, hata mgonjwa ambaye hakupewa kitu anaweza kushikwa. Kwa hivyo usijibebeshe lawama. Lakini sitakudanganya pia: maziwa hayakumsaidia, na siku ile ikirudi nitasimama mlangoni tena.

Walitoa makohozi ndani kabisa ya pafu, wakapeleka maabara, wakaanza sindano bila kungoja. Majibu yaliporudi, kumbe yule mdudu haiogopi dawa hiyo. Wakabadilisha. Mimi nilipewa kazi mbili: kumsafisha mdomo vile sista alinionyesha, na kuhakikisha kichwa cha kitanda kimeinuliwa, ili mate yasiteremke kifuani. Mjomba wake alikuja akataka kukishusha. "Mlaze kama watu, shingo itachoka." Nikamwambia ichoke, tutaikanda akiamka. Alinuna mpaka chai.

Homa ikashuka. Wakapunguza mashine kidogo kidogo, na Jumanne wakatoa mpira. Sauti yake ni kama ya chura. Neno la kwanza: "Yule mwekundu bado anakamwa?" Mimi nimekaa hapo na mtoto mapajani, yeye anauliza ngamia. Nikajua amerudi.

Jana walimjaribu maji kwa kijiko. Akameza bila kukohoa.

Nisalimie baba mkwe, umwambie mwanawe ameuliza ngamia kabla ya mke, atafurahi. Msalimie pia shangazi anayenichungia mbuzi zangu. Dereva wa lori la mbuzi aliyekuletea barua hii mpe chai, amekataa nauli yake.

Ni mimi mke wa mwanao,
Mama Zeinab

Vitu ninavyohitaji bado:

Kikoi chake cha kijani, hiki cha hospitali anakichukia.

Sweta ya Zeinab, iko ndani ya sanduku langu.

Miswaki ya mti, mitatu, sasa anaweza kujisafisha mwenyewe.

Maziwa ya yule mwekundu, kwa chicho kile kile. Daktari amekubali vijiko vichache, ila yachemshwe. Najua utasema nimekuwa mtu wa mji; chemsha tu. Hayo usimpe dereva. Yalete mwenyewe, mlango nitakufungulia mimi.