Felista Aliyebaki Nyuma

Somo yangu Perpetua,

Tumehama. Nyumba zetu za zamani tuliziacha baada ya kuvuna karanga, na sasa tunakaa kijiji kipya upande wa Puge, nyumba zimepangwa mstari kama madarasa. Majirani ni watu wema, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukusikia ukicheka. Nikitaja jina lako wananiuliza, "Ni nani huyo?" nami nashindwa pa kuanzia.

Labda ningeanza na siku ya ubatizo. Wewe ulikuwa mjukuu wa mtemi. Bibi yangu mimi aliletwa kutoka Manyema na msafara wa pembe za ndovu, akaugua njiani, wakamwacha karibu na Tabora wakaendelea na safari yao. Babu yako akamchukua, akabaki kwenu akitwanga. Kwa hiyo mwalimu wa dini alipokupa wewe jina Perpetua na mimi Felista, shangazi yako aliridhika. "Kila mtu amepata lake," alisema. Maana kati ya wale mashahidi wa zamani waliotupiwa wanyama wakali kwa ajili ya Kristo, Perpetua wa Karthago alikuwa binti wa watu wakubwa, na Felista alikuwa mtumwa. Ukamjibu taratibu, "Shangazi, waliuawa pamoja. Mnyama hakuuliza nani mtumwa." Hakurudia tena maneno yale, si mbele yako.

Tulikuwa tukisimuliana habari zao tukipalilia tumbaku. Wewe ulianza. Perpetua alikuwa na mtoto wa kunyonya. Baba yake alimfuata gerezani, akampigia magoti, mzee mzima, akimsihi aikane imani kwa neno moja tu arudi nyumbani. Alimwonea baba yake uchungu mwingi, lakini hakukana. Hapo sauti yako ilikuwa inashuka, kwa sababu baba yako mwenyewe alifariki akiwa hajakusamehe ubatizo ule.

Sehemu yangu ilikuwa ya Felista. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria ya huko haikuruhusu mjamzito auawe. Wenzake wangetangulia, yeye angengoja azae, kisha afe baadaye kati ya watu asiowajua. Hilo lilimhuzunisha kuliko wanyama wale. Wenzake wakamwombea, akajifungua mapema, mtoto wa kike. Nilikuuliza mara moja, "Mtu gani huombewa apate kufa?" Uliacha jembe, ukafikiri. "Hakuombewa kufa, somo. Aliombewa asiachwe."

Basi mimi nimeachwa.

Wewe ulijifungua alfajiri na damu ikakataa kukatika. Wanaume walikubeba kwenye kitanda cha kamba kwenda zahanati, nami nikienda mbio pembeni. Hatukuifikia barabara ya Nzega. Hukusema neno lolote kubwa, Perpetua. Uliniuliza tu kama mtoto amefunikwa.

Mumeo alikwenda mjini kutafuta kazi. Akasema mtoto akae kwangu, maana mimi sikujaliwa watoto. Anakunywa maziwa ya mbuzi. Ana hasira zako. Jioni akilala nakaa mlangoni, nasikia watu wakizungumza nyumba hadi nyumba, na sina wa kumwambia kitu. Hapa wote wananiita Ndugu Felista, wala sina kinyongo nao. Ila ndugu ni wengi. Somo nilikuwa naye mmoja.

Ilipofika sikukuu yetu, mwezi wa tatu, nilikwenda kigangoni na mtoto mgongoni. Bado ni banda la nyasi tu. Mwalimu wa dini wa hapa akaniomba niwasimulie watu, kwa kuwa ni siku ya jina langu. Nikaanza na sehemu yako. Nilipofika kwa yule baba, nikakaza kwanza khanga ya mtoto mgongoni. Nikaendelea mpaka kwa Felista, nikawaambia wazi kwamba alikuwa mtumwa, na bibi yangu pia. Baadhi yao walitazama chini. Kisha mama mmoja mzee aliyekaa nyuma akauliza jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kuulizana.

"Na huyo mtoto wa kike, alilelewa na nani?"

Nikamjibu nilivyofundishwa: alichukuliwa na mwanamke mmoja Mkristo, akamlea kama mwanawe.

"Anaitwa nani?"

"Jina lake halijulikani, bibi."

"Huyo naye alikuwa na kazi," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemzungumzia jirani.

Upweke haukuniondoka, nisikudanganye. Lakini jioni ile nilisonga ugali nikala nikashiba. Tangu ufe nilikuwa nikiacha chakula sahanini.

Padri atapita mvua zikikatika, na mtoto atabatizwa. Wanawake wanatazamia nimpe jina lako. Nisamehe, somo, sitampa. Wala langu sitampa. Nimemchagulia Anna, kama yule mjane aliyekaa hekaluni mpaka uzee wake, siku zote akisali. Kazi za shamba la kijiji zikipungua nitakuja naye huko tulikokuacha, nifyeke majani kaburini, uone meno yake yalivyoota.

Pumzika, Perpetua. Imani uliyomwachia nitamfundisha, yote, hata pale panapouma. Ila kila nikimlaza namwomba Mungu jambo moja tu: mwanao azeeke.

Mimi somo yako,
Felista