Chupa Yenye Picha ya Babu

Mjomba Hamsa, tajiri wa Ambon,

Huku kisiwani Buru tu wazima. Majani ya kayu putih, mti wetu wa mafuta ya kuchulia, sasa nayachemsha mimi, na mafuta yangu wateja wanayagombania.

Chupa ya mafuta yako uliyotuma, yenye picha ya babu, ilifika. Mama akamchua nayo kichanga wetu Wati kifuani kwa mafua. Kifua kikababuka.

Bibi akakutetea: “Mwanangu hawezi kughushi!”

“Haya, bibi, tazama.” Nikaitikisa. Mafuta safi povu lake hutoweka papo hapo. Lako likakaa kama la sabuni.

“Katia mafuta ya taa,” bibi akasema taratibu, akabandua picha ya mumewe.

Wati anapona. Kutikisa chupa ulinifundisha wewe, bingwa. Bibi haulizi tena utakuja lini.

Mpwao aliyekushinda,
Rusdi