Siku Nilipomfuta Mzee Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo leo! Seva ya zamani nimeizima, mfumo mpya umewaka, barua pepe za watu wote zimehamia mtambo mpya. Bosi alisema walioacha kazi niwafute, tusibebe mizigo ya bure. Nimefuta kumi na mmoja. Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha. Akitia saini mkataba, nina kazi. Asipotia, narudi kulala sebuleni kwa dada.

Jumanne, 4 Machi

Malalamiko tu. Mhasibu hapendi rangi. Dada wa mapokezi kabandika nywila yake ukutani, kwa herufi kubwa — eti asisahau. Nimeibandua.

Jumatano, 5 Machi

Tangu juzi hakuna oda hata moja. Tunauza mabomba, jamani, oda ndiyo roho yetu! Nimeikagua seva mpaka mchana. Nzima kabisa. Ndipo mkuu wa mauzo, ambaye wote tunamwita Shangazi, akanivuta pembeni. Mwanangu, Mzee Stoo umempeleka wapi?

Mzee Stoo alistaafu miaka sita iliyopita. Anafuga kuku. Nilimfuta Jumatatu.

Kumbe idara nzima ya mauzo inaandika kwa jina lake! Wateja walishamzoea, anasema Shangazi, tuwasumbue ya nini? Watu saba, nywila moja, wanapeana zamu. Mzee wa watu hana habari, na huku anatoa punguzo, anajulia hali watoto. Mwaka jana mzigo ulipochelewa, wakaandika eti anaumwa goti.

Nimecheka. Lakini kabla ya kufuta sikumuuliza mtu. Haraka haraka haina baraka — mama aliimba mpaka akachoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemrudisha. Oda mbili ndogo. Mteja mkubwa, kimya. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkataba uko mezani kwa bosi. Saini bado.

Saa nne mteja mkubwa kaingia mwenyewe, suti nyeusi, na mkewe. Aliandika mara tano, mashine ikamjibu anwani haipo. Mzee hajawahi kukaa siku bila kumjibu! Na lile goti. Basi akajua kafa.

Shangazi kajifungia chooni. Bosi kanitazama: nenda wewe, ndiwe uliyemfuta.

Mke analia machozi ya kweli. Alipofiwa na mama yake, Mzee Stoo alimwandikia kila siku, wiki nzima. Sijui ilikuwa zamu ya nani. Mume kanishika mkono kwa mikono miwili, kauliza tulimzika lini.

Nimesema nawaletea maji. Glasi zimejaa zamani. Bado niko jikoni.